Mwano Uliouacha Bama

Kwako Guku, babu yangu uliyelala upande wa jua kuzama,

Mwadila, Guku. Najua hutaitikia, lakini ulinilea nikijua kwamba mtu haingii kwa watu akaanza na shida zake kabla hajasalimu. Basi nimesalimu. Shida yangu ni hii: kitukuu wako Masunga ametoka alfajiri na vijana wenzake wa sungusungu kwenda mtoni kufuata ng'ombe walioibwa. Sasa jua limeanza kushuka na hakuna sauti yoyote kutoka huko. Wenzangu hapa kijijini wanakifurahia kimya hicho. Mimi kinanitetemesha, na mtu wa kumweleza sababu ni wewe peke yako.

Simu yake haipatikani. Hilo halinishangazi, maana ukishavuka mbuga kuelekea mtoni mtandao unakufa. Nimekaa mlangoni na karatasi hizi juu ya goti. Nikikaa bure nitapiga kelele, na kelele ndiyo kitu pekee nisichotakiwa kupiga leo.

Unakumbuka mguu wako? Unaukumbuka vizuri kuliko mimi. Kila jioni nilikuwa nachemsha maji, natia chumvi, naloweka kitambaa na kulikanda lile kovu juu ya goti, na wewe unaniita afande wako mdogo. Binamu zangu walikuwa wakikimbia kazi hiyo kwa sababu ulikuwa na mdomo mchungu maji yakizidi moto. Mimi nilibaki kwa uroho wangu wa hadithi. Bibi alikuwa akisema nitaolewa na vita badala ya mwanaume, na wewe unamjibu kwamba vita ina mahari ndogo.

Ulikuwa ukifagia kipande cha uwanja kwa kiganja, ukimwaga punje za mahindi na mbegu za pamba. Mahindi alikuwa Mwingereza na watu wake wote, Wahindi, Wagurkha na sisi weusi tuliochukuliwa huku tukaambiwa tunakwenda kumsaidia mfalme. Mbegu za pamba alikuwa Mjapani. Kamba ya kufungia ndama ilikuwa barabara. Burma wewe uliita Bama, nami nilikua nikidhani Bama ni kijiji kimoja kikubwa, mbele kidogo ya Shinyanga.

Somo la kwanza ulilonipa lilikuwa la kelele. Ulizisogeza mbegu chache za pamba kusini, pwani ya Bama, mahali palipoitwa Arakan, ukazigonga chini kwa nguvu. Wewe hukuwepo huko, ulisimuliwa na Wahindi waliopona. Ukasema Mjapani alipiga pale kwanza, na akapiga kweli, watu wakafa, lakini roho yake haikuwa pale. Alitaka Mwingereza awatoe askari wake wa akiba milimani awakimbize pwani. Kisha mkono wako mwingine, ambao sikuwa nautazama, ukaleta fungu kubwa la mbegu kutoka mashariki likauzunguka mji wa Imphal. Nikashtuka. Ukacheka ukaniambia, "Ng'wanawane, anayekupigia kelele huku, mwulize mkono wake mwingine uko wapi."

Somo la pili lilikuwa la kuzingirwa. Mjapani alivuka milima akaikata barabara kule Kohima, ukaichukua kamba ya ndama ukaikata kwa kisu kweli, Bibi akakasirika. Huko Kohima watu walipigana wakitenganishwa na kiwanja cha tenisi tu, huyu upande huu na yule upande ule, wakirushiana mabomu ya mkono badala ya mipira. Imphal ilizungukwa pande zote. Zamani, ukasema, Mwingereza akiona Mjapani yuko nyuma yake alikuwa anakimbia, na akikimbia anachinjwa njiani. Safari hii akaambiwa na jenerali wake akae palepale alipo. Ndege zikawa zinamwangushia chakula na risasi kwa miavuli, na aliyezingira ndiye akaanza kufa njaa. Hapo ulikuwa unafika kwenye sehemu uliyoipenda kuliko zote, nayo ni ya ng'ombe.

Loo, Guku, jinsi ulivyokuwa ukimtukana yule jenerali wa Kijapani. Eti alipanga kuwalisha askari wake kwa kuswaga makundi ya ng'ombe kuvuka mto Chindwin na kupanda nao milima ambayo hata mbuzi angeikataa. Ng'ombe wakazama mtoni, wengine wakaporomoka kwenye genge na mizigo mgongoni, na waliobaki wakalala wakakataa kuinuka. Ulisema yule bwana alidhani ng'ombe ni gunia lenye miguu. Ulisema laiti angemtafuta mzee mmoja mfugaji wa huku kwetu Kimali amwulize ng'ombe anatembea kiasi gani kwa siku bila majani, ile vita asingeianza. Walimu wangu walisema Imphal ilishinda kwa ndege na kwa mvua. Nami niliandika hivyo kwenye mtihani, lakini moyoni niliandika la kwako.

Nyinyi mliletwa baada ya hapo, mvua ikiwa imekolea, mkaambiwa mfukuzeni anayekimbia. Bonde la Kabaw. Ulisema harufu ilifika kabla ya bonde. Mlipita kwenye mifupa ya ng'ombe na ya watu imelala pamoja kwenye tope, na wapo waliokufa wamekaa wakiegemea magurudumu ya magari yao. Hadithi hiyo uliisimulia kwa sauti ya chini, Bibi akiwa amekwenda kisimani. Punje hukuzigusa tena siku hiyo.

Iliyofuata ulinisimulia mara moja tu, nikiwa nimeshakuwa msichana mkubwa. Mjapani aliyekuwa akirudi nyuma hakukimbia ovyo. Aliacha watu wachache kwenye kila kona nzuri, wamejichimbia, kazi yao ni kuwachelewesha mnaofuata. Kombania yenu ilifika mahali njia ilipofunguka, majani mafupi, kimya kabisa. Ulikuwa mbele. Risasi ikakupata mguuni, ukaanguka katikati ya uwazi ule. Hawakukumaliza. Walikuwa wanakuona vizuri, wakakuacha. Na wewe, kijana wa Kisukuma mwenye maumivu, ulifanya ambalo kijana yeyote wa kwetu angelifanya akivamiwa. Ulipiga mwano.

Askari kutoka Nyasa na kutoka Kenya walisikia mtu analia. Lakini kombania ile ilikuwa na vijana wa Maswa, wa Shinyanga, wa huku kwetu, na mtoto wa Kisukuma anafundishwa kabla hajajua kuchunga kwamba mwano hauulizwi. Ukisikia sauti ile, unaacha ulichoshika, unapaza ya kwako ili wa mbele wasikie, unakimbilia ilikotoka. Asiyekimbia si mtu. Basi wakaja. Walitoka kwenye mahandaki na nyuma ya miti, kila upande, wakiitikia mwano huku wanakimbia, na afande Mzungu anawapigia kelele walale chini. Wa kwanza alikuwa Luhende, rafiki yako mliyeshindana naye kwenye ngoma kabla hamjachukuliwa. Bunduki ya rashasha ya Mjapani iliwangojea mpaka wakakaribiana. Ukasema walianguka wakikutazama.

Ulipokuwa umelazwa kwenye machela, yule afande alikuja akainama. Alikuwa analia. Akakuuliza kwa Kiswahili chake cha jeshi, "Umesema neno gani, wewe, neno gani limeua watu yangu?"

Uliniambia ulizeeka na swali hilo. Medali ya mfalme ulimvalisha beberu shingoni, ikawa inagonga kengele yake machungani, na watu wakadhani ni utani wako.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo kijiji kizima hakikulielewa. Walipokuja wezi wakafungua zizi lako, ukawaona, ukasimama mlangoni na mkuki, na hukupiga mwano. Nzengo yote ilikushangaa. Walikukalia kikao, wakakutoza fahali, wakasema vita vimekula koo lako. Wakaimba hata wimbo. Ulitoa fahali, hukujieleza. Ni mimi niliyelia, wewe ukaniuliza kama maji ya mguu yamechemka.

Sasa nikwambie ya kwetu ya leo, maana umeondoka siku nyingi. Bariadi imekuwa mji, Guku, ina lami na maghorofa, na Masunga alikuwa huko akitengeneza simu. Alirudi msimu huu kunisaidia kuvuna pamba, kwa kuwa tangu baba yake afariki mikono yangu haitoshi. Ni kijana mpole, mwenye kucheka, amekuchukua paji la uso. Vijana walipomwona anajua kusema na watu, wakamfanya kiongozi wao wa sungusungu. Mimi sikufurahi. Nilisema hongera, kwa sababu ndivyo inavyosemwa.

Mwaka huu wezi wamekuja na akili. Mara ya kwanza mwano ulitokea upande wa Mwandoya. Wanaume wote wakamiminika huko na pinde na virungu, wakafika wakakuta hakuna zizi lililofunguliwa wala mtu aliyejua nani ameanza kuita. Waliporudi wanahema, mazizi ya upande wa mto yalikuwa wazi. Mlinzi mmoja mzee aliyebaki nyuma tulimkuta amelala kifudifudi kwenye samadi, mshale mgongoni. Mtu alikuwa amepiga mwano wa uongo, Guku. Sijui kama wewe uliwahi kuliwaza hilo, kwamba siku moja watu watautumia mwano kama chambo.

Kikao kilipoitwa nikasimama. Wanawake huwa tunasikiliza tu, lakini siku hiyo nilisimama. Nikawaeleza habari ya Arakan, mkono mmoja wa kelele na mwingine wa wizi. Nikawaambia wagawanyike, wengine wakimbilie mwano na wengine wabaki na mazizi, na wasimfuate mwizi aliyewaachia njia wazi. Kamanda Jilala, mkuu wa sungusungu nzima, mwenye sauti kubwa na akili ya kiasi, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akaniambia, "Mama Masunga, hapa ni Bukundi, siyo Ujapani." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka kidogo, kwa kuzugia, nikakaa.

Jana jioni akaja mchungaji mbio. Ng'ombe wetu wameonekana ng'ambo ya mto, kwenye majani mafupi, wanakula taratibu. Hakuna mtu pembeni yao. Jilala akasema wezi wametuogopa wamewatelekeza, vijana watoke alfajiri wakawaswage nyumbani. Ng'ombe wa wizi anakimbizwa usiku kucha mpaka kwato zichubuke, hakuna anayemwacha anenepe mahali anapoonekana.

Nilimngoja Masunga hapa mlangoni nilipokaa sasa. Nikamwambia huo ni mtego. Hakunibishia, Guku, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema hata yeye anaona hivyo, lakini asipokwenda, nzengo itatutenga. Hakuna atakayetupa moto wala maji, hakuna atakayenisalimia kisimani, na siku nikifa atanizika peke yake. Akasema wenzake wanakwenda hata kama yeye atabaki, na afadhali waende na mtu anayejua kwamba ni mtego. Akajaribu kunichekesha, akaniambia nisihofu, mambo ya Bama yamepitwa, siku hizi watu wanapigana kwa ndege zisizo na rubani. Sikucheka.

Ndipo nikamshika kifundo cha mkono. Nikamsimulia kitu ambacho sijawahi kumsimulia mtu, Luhende na majani mafupi na lile swali la afande. Kulikuwa kumekucha, wenzake wakipiga mbinja barabarani kumwita, na mimi bado nimemshika.

Nikamwambia, "Mkinaswa, usipige mwano. Laleni chini mnyamaze mpaka giza liingie. Ukiita, kijiji kizima kitakuja kufa juu yako."

Alinitazama sana. Kumwambia Msukuma asipige mwano ni kumwambia afe kama mtu asiye na kwao, na yeye alilijua hilo. Kisha akasema, "Nitanyamaza, mama. Nitawaambia na wenzangu." Nikamwachia mkono.

Basi unaona nilivyo. Tangu asubuhi masikio yangu yameelekea mtoni. Mchana mke wa Jilala alipita na ungo wake, uso umenawiri, akaniambia nisiwe na wasiwasi, kwani hatujasikia mwano, na ambapo hakuna mwano pana usalama. Wote wanasema hivyo. Wazee wamekaa na pinde zao tayari magotini, wakisikia tu wataruka. Hawasikii kitu, kwa hiyo wanapiga soga. Ni mimi peke yangu ninayejua kwamba kimya cha leo hakina habari ndani yake. Huenda wako salama wanakunywa maji. Huenda wamelala kwenye majani mafupi na mwanangu anauma meno kwa sababu aliniahidi. Nimeuziba mdomo wa mtoto wangu, na sasa nautamani mlio ambao ukisikika utaua watu.

Wewe ulijutia kuita, Guku. Nami nilidhani nikimfundisha kinyume chake nitakuwa nimemwokoa. Sikujua kwamba anayebaki nyumbani naye ana vita yake, na kwamba Bibi huenda aliipigana miaka yote uliyokuwa Bama bila barua. Sikuwahi kumwuliza. Tulikuwa tunakuuliza wewe tu.

Niliacha kuandika hapo kwa sababu kulikuwa na vumbi.

Nikupe habari kama ilivyo. Vumbi limetokea upande wa mto, wanawake wakasimama, watoto wakakimbilia barabarani. Ni ng'ombe. Nimewaona wa Jilala, na yule mwekundu wa kwetu mwenye pembe moja iliyoinama, wanakuja kwa mwendo wao wa jioni. Vigelegele vimeanza pale pale. Mke wa Jilala amenikumbatia akiniambia si aliniambia. Wazee wameweka pinde chini wamesimama kuhesabu mifugo yao, na wote wako, hakuna hata ndama aliyepungua.

Nimesimama mpaka wa mwisho amepita. Nyuma yake hakuna mtu. Hakuna mbinja, hakuna fimbo, hakuna kijana anayetukana ng'ombe anayechelewa. Vumbi limetulia na barabara iko tupu mpaka mbugani. Watu wanasema vijana wako nyuma kidogo, wanatembea kwa maringo. Yule mwekundu ana damu ubavuni, mstari mrefu uliokauka, na nimeipapasa ngozi yote chini yake, sikukuta jeraha.

Nikipiga mwano sasa hivi, wanaume wote hawa wataokota pinde zao na kukimbilia mtoni, na giza litawakuta kwenye yale majani. Nauona mkono wa pili, Guku. Wamerudishiwa ng'ombe ili wafurahi, au ili waende wakatafute watoto wao, sijui ni lipi kati ya hayo, na yote mawili yana mazizi wazi nyuma yake. Kwa hiyo sitapiga. Nimefunga kitenge vizuri, nimechukua kibuyu cha maji na kamba ya kuni. Mwanamke aliyechelewa kuni hatazamwi mara mbili. Alama hizi za kwato bado ni mbichi, nitazifuata zilikotoka, peke yangu, na nikifika karibu sitaita jina lake, kwa kuwa nimemfundisha asiitike.

Lala, Guku. Wakikuletea mtu huko jioni hii, mwenye paji lako la uso, mpokee kabla hajasalimu, na umwambie alitii.

Mjukuu wako, mkandaji wa mguu wako,
Kabula